Jani la Isale Lililokatwa

Nilisomea filamu ughaibuni kwa jasho langu mwenyewe, nikifua mashuka ya hoteli hadi nikapata diploma. Sikurudi Arusha nije kufundishwa maana ya picha na mtu asiyejua isale.

Katika filamu yangu ya kwanza, niliyoipiga Tengeru, kijana aliyemtukana baba yake anarudi nyumbani na jani la isale mkononi, ule mmea wa mipakani mwa mashamba. Hasemi neno. Mmeru yeyote, hata Mchaga, anajua hapo anaomba msamaha, na hakuna mzazi anayeukataa kirahisi.

Mtayarishaji, mwenye kamera, akaliondoa jani lote wakati wa kuhariri filamu. "Majani tu hayo, kaka. Kijana alie, tutie na kinanda."

Nikamwonyesha mama yangu filamu ilivyokatwa. Akaguna: "Huyu amekuja mikono mitupu? Angekuwa wangu, angelala nje na machozi yake."

Nikamfuata mtayarishaji hadi Ngarenaro nimefura. "Ama jani lirudi, ama jina langu litoke!"

"Majina yapo mengi," akanijibu, akicheka.

Filamu inaonyeshwa sasa. Kijana analia, jina langu halimo, na anayeniuliza kwa nini halimo, namweleza yote tangu mwanzo.