Mlango wa Nyuma wa Munganga

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, nikichagua sombe. Munganga wetu, daktari wa uzazi, amefariki. Niliacha majani palepale nikaenda kumchukua binti yangu shuleni.

Kabla ya binti huyu nilikuwa mwanamke wa kunong'onewa. Mama mkwe alikuwa anatoka Kasaji kwa gari moshi, safari yote hiyo ili kunitazama tumbo tu! Ndipo nikaenda kwa yule munganga, hapa Kolwezi, katika chumba alichopokea wagonjwa nyumbani kwake. Kwa ajili yetu sisi wenye haya alikuwa ametoboa mlango wa nyuma, upande wa jikoni. Alinieleza mambo polepole, hakunicheka. Hata mume wangu alimwita apimwe, jambo ambalo mimi nisingethubutu kulitamka. Nilipopata mimba aliniomba kitu kimoja: "Mama, akizaliwa, siku moja umulete nimuone."

Sikumpeleka. Kanisani nilisimama nikashuhudia kwamba ni maombi peke yake yaliyonipa mtoto, watu wakapiga vigelegele. Baada ya hapo, kumpeleka mtoto kwa munganga kungefichua uongo wangu. Siku moja tulikutana njiani, akatabasamu, nami nikageuza uso kama simjui. Ee Mungu wangu! Shukrani ya punda ni mateke, na punda ni mimi.

Kwenye kilio, miguu yenyewe ilinipeleka mlango wa nyuma. Jikoni nikakuta wanawake kama kumi, wengine wanasonga bukari, kila mmoja na mtoto wake ubavuni. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Sote tulijua kilichotuleta.

Akaingia bibi mmoja wa ukoo wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila mgeni ni nani wa marehemu, apate kumwonyesha pa kukaa.

"Na weye, mama?"

"Mi niko jirani tu."

"Jirani, jirani! Bote humu muko majirani?" akafoka. "Kule mbele mukeka ya batoto iko mutupu. Mutoto yetu alisaidia muji muzima kuzala, ye mwenyewe hakuacha hata mumoja!"

Binti yangu akanivuta kitenge. "Mama, huyu tata aliyekufa alikuwa nani yetu?"

Nikamshika mkono, tukatoka, tukazunguka nyumba nzima, tukaingia kwa mlango wa mbele, machoni pa watu wa kanisa langu.

"Mi siko jirani," nikasema kwa sauti. "Huyu mutoto ni kazi ya mikono yake. Kanisani nilidanganya."

Binti akakaa kwenye ule mkeka, peke yake, amekunja miguu. Mimi nikaliinamia jeneza lililokuwa wazi.

"Tata munganga, nimemuleta," nikamwambia.

Alikuwa amefumba macho.