Lameki Aliposema "Funga"

Nakumbuka Jumamosi moja ya majira ya kuchuma kahawa, mwanangu, baridi ya Mbozi inauma mpaka kwenye meno, nami nimesimama ndani ya banda la injini, mkono uko kwenye swichi. Nilikuwa sijatimiza hata miaka kumi na saba. Nimesikia unakwenda kusomea ufundi wa umeme, na mama yako amefurahi mpaka amechinja kuku. Nami nimefurahi, usinielewe vibaya. Lakini keti kwanza unisikilize, maana sisi tulitangulia kwenye njia hiyo, tulikuwa wawili, na nimebaki mimi peke yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shule yetu, upande wa Isansa, ilipata injini ya dizeli na dainamo yake kutoka kwa mlowezi aliyeuza shamba akarudi kwao. Mwalimu mkuu, Yohana Simbeye, akasema darasa la nane tujifunze umeme, na akamwita fundi Elia Mwamlima, aliyewahi kufanya kazi migodini huko Rodeshia. Nawataja kwa majina. Watu huniambia marehemu hasemwi. Basi Lameki naye ni marehemu, mbona yeye alisemwa?

Lameki alikuwa mtoto wa shangazi yangu wa Igamba. Tangu mdogo kazi yake ilikuwa mfereji wa kuoshea kahawa, kuyafungia maji na kuyafungulia. Siku ya somo la swichi, Elia alituambia: njia ya moto, yaani ya umeme, ikifungwa, moto unapita, ikifunguliwa, moto umekatika. Ndivyo alivyoyatafsiri maneno ya Wazungu wake wa migodini. Lameki akanyoosha mkono.

"Samahani, fundi. Kwetu ukifunga, maji yanasimama. Huu moto wako ni wa ukoo gani, ukiufunga ndipo unatembea?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"We mtoto wa tope," Elia akasema, "hapa hatuoshi kahawa. Kaa chini!"

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mfereji. Aliyelipaza kuliko wote ni mimi, ndugu yake wa damu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wazee walisema, na ni kweli. Lakini hawakutuambia anayeuliza akachekwa hujifunza nini. Hujifunza kunyamaza. Lameki hakuuliza tena, na lile neno funga akabaki nalo vilevile alivyotoka nalo kwao.

Sasa hiyo Jumamosi. Jumatatu walitarajiwa wageni wa serikali kutoka boma, na Simbeye alitaka wakute taa ya bweni inawaka. Sheria ya Elia ilikuwa asipande mtu nguzo mpaka yeye mwenyewe awe kwenye swichi. Lakini Elia alikuwa ameshuka Tunduma tangu Ijumaa, kuvuka mpaka kutafuta tairi la baiskeli.

"Mwalimu, fundi hayupo," nikasema.

"Amewafundisha au hajawafundisha?"

"Amefundisha, mwalimu."

"Basi mnangoja nini? Mtaniaibisha mbele ya wageni?"

Tukaenda. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka ya mkubwa hubebwa na mdogo.

Injini ilikuwa inavuma, maana ndiyo iliyoendesha pia mashine ya kusaga mahindi ya shule, na aliyeiangalia ni Mzee Sichone. Swichi yetu ilikuwa kama kisu chenye mpini. Nilikikuta kimeinuliwa, maana yake waya za bweni hazina moto. Lameki alikuwa amepanda nguzo nyuma ya bweni kuunganisha waya za taa, simwoni, namsikia tu kupitia dirishani.

"Umefunga?"

"Bado!"

"Ee Bwana, unangoja nini? Funga!"

Nikadhani amemaliza na anataka kuona taa. Nikafunga, kama tulivyofundishwa: nikakishusha kile kisu.

Mwanangu, sikusikia yowe lake. Nilisikia la mpishi wa shule. Na hapa ndipo ujinga wangu wa pili: badala ya kukiinua kile kisu, nikakimbia kumshika ndugu yangu. Nilimkamata mguu uliokuwa unaning'inia nguzoni. Nilichokumbuka baadaye ni uso wa Mzee Sichone juu yangu, ananimwagia maji. Yeye ndiye aliyekata moto. Hivi vidole viwili unavyoviona vimekunjamana ni vya siku hiyo.

Jioni Simbeye akaniita. Elia alikuwa amesharudi, ameketi pembeni, hanitazami. "Utasema Lameki alipanda bila kutumwa," Simbeye akaniambia. "Ukisema vingine, shule itafungwa, na wenzako watakosa masomo kwa ajili yako." Nami nikasema nilivyoambiwa, mbele ya karani na mbele ya watu wa kanisa.

Kisha akaja shangazi kwa miguu kutoka Igamba, kanga imejaa vumbi. Hakulia. Aliniketisha chini akauliza jambo moja tu.

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Alisema funga, shangazi."

"Mwanangu alikuambia ufunge. Kwa nini hukufunga?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilifunga? Kwamba kwa neno hilohilo mmoja wetu alikuwa sahihi darasani na mwingine alikuwa sahihi duniani? Niliacha shule wiki ile. Elimu yangu iliishia hapo. Simbeye akapandishwa cheo, Elia akarudi migodini. Shangazi alizikwa bado akiamini kwamba mwanawe alipanda kwa ukaidi, kwa kuwa ndivyo nilivyosema, na sikwenda kuyafuta. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mkubwa kuliko mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujagusa waya, kubalianeni neno na mwenzako, hata kama mmezaliwa nyumba moja. Mwambie, "Nikisema hivi, utafanya nini?" Umngoje ajibu kwa kinywa chake. Kama humwoni, usiguse, nenda ukamtazame. Mwenzako akiuliza swali la kuchekesha, wewe usicheke, maana pengine ndiye peke yake aliyeiona hatari. Na mkubwa akikupa uongo uubebe, mwanangu, uache palepale chini. Heri ufukuzwe shule.

Nenda. Mungu wa baba zako aitangulie mikono yako na sikio lako. Akupe ndugu wa kufanya naye kazi, akurudishe naye nyumbani, wote wawili mkitembea kwa miguu yenu.