Nilifunga bush za gari kwa mawese, kesho yake nikampakia shangazi wa mchumba

Wakuu, poleni na majukumu.

Kisa hiki ni cha kwangu mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachungulia simu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, atanisuta hapa hapa.

Ilikuwa 2014. Mimi ni mtu wa Singida, afisa mifugo, nilikuwa nimepangiwa Kibondo. Nikanunua kisaloon changu cheupe, used ya mtu aliyeitumia kwelikweli.

Barabara ya Kibondo–Kasulu ya kipindi kile, wanaoijua wananielewa. Kiangazi unakula vumbi, masika unasukuma.

Haikuchukua muda bush za control arm zikaisha. Kwa wasiojua, control arm ni ule mkono wa chuma unaoshika tairi la mbele, na bush ni mpira unaokaa kwenye tundu lake ili chuma kisigonge chuma. Mpira ukiisha unaendesha kengele. Kong! Kong! Kong! Majirani walikuwa wanajua nimerudi kabla sijakata kona.

Sasa, mchumba wangu Stela kwao ni Muyama, ukishapita Kasulu. Na kwenye familia ile mwenye neno la mwisho si baba wala mama. Ni shangazi yake mkubwa, mama mmoja wa Kitahana, huku huku Kibondo. Yeye akisema hapana, wengine wote wanaangalia chini.

Siku moja nikajipendekeza, nikampa lifti kuja mjini. Njia nzima kong kong kong. Alipanda anaongea, akashuka ameshika kiuno. Akajinyoosha, akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, gari tu limekushinda kulitunza. Mtoto wetu utamuweza?"

Akaondoka. Hata asante hakuna.

Jioni Stela akanipigia. Kikao cha posa kilikuwa Jumamosi nyumbani kwao, na wa kumpeleka shangazi ni mimi.

"Gari likigonga tena," akaniambia, "mimi na wewe basi. Shangazi humjui wewe."

Wakuu, niliogopa. Nilikuwa nampenda yule mwanamke, na nampenda mpaka leo. (Haya, ameona, anatabasamu.)

Nikaagiza bush mpya Kigoma mjini, zikaja na basi. Fundi wa mtaani kwetu alikuwa amekwenda msibani Mabamba. Nikajiambia, mimi ninayezalisha ng'ombe nitashindwa na kipande cha mpira? Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapiga jack, nikaweka magogo chini ya bodi, nikazama uvunguni.

Kosa la kwanza: niliegesha gari mbele ya nyumba, kando ya njia ya kwenda sokoni.

Waliokaa huku wanajua. Muha, mwenyeji wa huku, hapiti mtu kama anapita nguzo ya umeme. Salamu ni kazi kamili. Unasimama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua ya kwenu. Mtu mzima akikwambia "Mwakeye!" huwezi kumjibu ukiwa umelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Huo ni utovu wa adabu.

Basi natoka, napiga makofi, nasalimia, narudi. Nut nusu mzunguko.

"Mwakeye!"

Natoka tena.

Jirani yangu Mzee Hamisi, mwenye duka, asili yake Pangani, akaleta kiti akakaa kuangalia sinema. "Wewe hutengenezi gari," akasema, "umefungua ofisi ya mtendaji."

Hatimaye control arm zikatoka. Bush za zamani nikazitoa kwa kuzichoma moto. Moshi mweusi tii ukaenda moja kwa moja kwenye nguo za mke wa Hamisi, alikuwa ameanika mashuka meupe. Yule mama ni mstaarabu, alinitukana kwa mafumbo matupu, mengine nimeyaelewa mwaka jana.

Zikabaki bush mpya kuingia. Nilikuwa na bolt ndefu, washer na kipande cha bomba. Ukikaza nut, bush inasukumwa ndani ya tundu. Lakini inataka utelezi, na kile kivideo nilichokiangalia kwa tabu (network ilikuwa inazunguka tu) kilisema maji ya sabuni. Nikachukua kipande changu cha mwisho cha sabuni, nikakikatia kwenye beseni, nikakoroga, povu safi.

"Mwakeye!"

Bibi mmoja, ana mzigo wa maharage kichwani. Nikatoka, mikono myeusi ya grisi. Nikaomba radhi, nikampa kiwiko.

Bibi akakataa. "Hatusalimiani hivyo, mwanangu." Akatua mzigo wake, akaliona beseni, akalinyanyua, akaninawisha.

Lote, wakuu. Taratibu, kwa upendo, mpaka tone la mwisho. Ndipo tukasalimiana vizuri, akauliza na ng'ombe wa Singida.

Nikabaki naangalia povu langu linaingia ardhini. Kutazama dukani, Hamisi kashafunga, yuko msikitini swala ya Ijumaa, na wenzake wenye maduka wako huko huko. Wingu limekaa vibaya. Gari liko juu ya magogo na kesho ni ukweni.

Jikoni kwangu kitu cha kuteleza kilikuwa kimoja tu. Dumu la mawese.

Kwetu Singida ningetia ya alizeti. Huku ni Kigoma, nikatia mawese. Nikapaka bush, nikapaka tundu, mengine yakamwagikia bomba la ekzosi, sikujali. Bush zikaingia bila kelele! Nikafunga kila kitu, nikakaza, nikashusha gari. Hamisi aliporudi akanusa hewa, akauliza leo nimepika nini.

Jumamosi asubuhi shangazi yuko siti ya mbele, kitenge kipya, mkono umeshika dashboard tayari kwa vita.

Tukaondoka. Kimya. Mawe ya barabarani, kimya. Shimo, kimya. Baada ya muda akauachia ule mkono. Mbele kidogo akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Moyoni nikasema, mke nimepata.

Tulipokaribia Kasulu, ekzosi imeshapata moto, shangazi akaacha kuimba. Akanusa.

"Nani anakaanga?"

Nikamwambia labda hao wa kijijini.

Tukaingia sehemu hakuna nyumba hata moja, ni miti tu. Akanusa tena. "Hawa wanaokaanga, wanatufuata?"

Nikajifanya nimekazana na barabara. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi.

Tukafika Muyama. Wazee wamekaa kwenye viti uwanjani, Stela anachungulia dirishani. Sijazima gari, mbwa wa pale nyumbani wakaingia uvunguni. Wakaja wa jirani. Wakaja ambao hata wenyeji hawakuwajua. Wote chini ya gari, wanalamba, mikia tu ndiyo inaonekana.

Baba mkwe akasimama. "Kijana, umekanyaga nini huko njiani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Nilimwona Stela akifunga pazia. Pale niliona posa yangu inaliwa na mbwa.

Shangazi akashuka. Akawafukuza mbwa kwa kanga, akainama mwenyewe, akapitisha kidole uvunguni, akanusa.

"Haya si mawese?"

Nikasema yote, mbele ya wazee. Njia ya sokoni, bibi wa maharage, beseni.

Akanikatiza. "Ina maana ulikuwa unatoka chini ya gari kumsalimia kila mtu?"

"Kila mtu, shangazi."

Alicheka! Alicheka mpaka akakaa chini na kitenge chake kipya. Alipopata pumzi akawageukia wazee.

"Mimi sina neno. Gari lenyewe analilisha mawese. Mtoto wetu atalala njaa hapo?"

Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa.

Funzo, wakuu. Mawese ni adui wa mpira. Zile bush zilivimba, zikalainika kama andazi kwenye chai, na kong kong ikarudi kabla hata ya harusi. Tumia maji ya sabuni. Bolt za control arm zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limesimama chini kwa matairi yake. Ukikazia juu ya jack mpira unajinyonga na kuchanika mapema. Na kama uko huku kwa Waha, egesha nyuma ya nyumba.

Nanyi mliowahi kujifanya mafundi nyumbani kwenu, mwageni yenu hapa tucheke wote, mafundi halisi mtusahihishe bila matusi.

Mimi natoka kidogo. Stela aliendesha gari asubuhi kwenda sokoni, amerudi anasema linagonga, lina njaa tena.