Kibao cha Bwana Mrefu

Jumamosi ile Baba alikuwa anakipaka mafuta kile kibao cha kupigia mpira wa kriketi, kama kila Jumamosi. Mama anamenya ndizi, akamwambia, "Mzee Laurian, hicho kibao kinakula mafuta kuliko mimi." Baba akacheka. Hakuacha.

Kilikuwa cha Bwana Mrefu, Mzungu wa shamba la kahawa. Ujanani, karne iliyopita ikiwa bado changa, aliichezea nchi yake kriketi, akapanda meli kwenda kucheza ng'ambo. Uzeeni akawa kwetu Kagera. Baba ndiye aliyemsawazishia uwanja miaka yote, na ndiye aliyemwogesha alipougua. Alipokaribia kukata roho akamwambia Baba, "Nitunzie kibao. Ndugu zangu watakuja kukichukua."

Miaka ikapita. Hawakuja.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile, wanajeshi wa nchi jirani wakaingia kijijini.

Tulikimbia na watoto mgongoni. Tulipofika migombani kwa jirani, Baba akasimama.

"Kibao."

"Baba, kiache!"

"Niliahidi."

Akarudi.

Risasi zililia upande wa kwetu. Sikugeuka. Nilikuwa na mtoto.

Tuliporudi, miezi imepita, tulimkuta nyuma ya jiko. Mifupa na shati lake. Kwenye mafiga kulikuwa na mpini wa kibao, umeungua nusu. Wanajeshi walikifanya kuni.

Sasa niko ughaibuni, Spånga. Mjukuu wangu Neema anacheza kriketi na wenzake wa Kiafghani, basi nikamtajia jina halisi la Bwana Mrefu, akamtafuta kwenye simu. Watu wa ukoo wake wameandika maisha yake. Mechi zote zimo, hata ile iliyovunjwa na mvua. Mwishoni wameandika kwamba kibao chake kilipotea Afrika kwa uzembe wa mtumishi.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Bibi, usijali, wamekosea tu." Alisema kwa Kiswidi, maana Kiswahili chake ni cha kuombea maji.

"Nisijali vipi? Uzembe! Miaka yote anakipaka mafuta, wao wako wapi? Waandikie sasa hivi. Mtumishi aliitwa Laurian. Hakupoteza kitu. Alikifuata kwenye risasi."

"Niseme tunataka nini?"

"Jina lake. Na lile neno walifute."

Aliandika, nimekaa ubavuni kwake mpaka akatuma.

Hayo ni yao. Yangu ni na Baba mwenyewe. Aliniacha migombani kwa ajili ya kipande cha mti cha watu wasiomjua, na mpaka leo sijamsamehe.