Mbao za Theluji kwenye Mchanga wa Shela

Theluji nzuri ya kuteleza iko juu kabisa milimani, si bondeni. Mimi sijaigusa hata siku moja, lakini jambo hilo nalijua, na anayebisha aje. Nililijulia Shela, kwenye vilima vya mchanga, miaka ile ya sitini, bendera yetu ingali mpya.

Nilikuwa na mke na watoto wawili, na bado napasua mbao kwa mjomba wangu, fundi wa mashua. Kazi ya peke yangu hakunipa. Shule sikusoma, chuo cha Kurani tu, na chuoni nako nilikuwa mtoro, hayo tuyaache. Akaja mwalimu mmoja Mzungu, kwao milima mitupu, akataka mbao mbili za kufunga miguuni ateleze mchangani. Mjomba akacheka.

"Mpe huyu," akasema, akinionyesha. "Zikienda, utaunda chombo peke yako. Zisipokwenda, rudi kwenye msumeno, wala usininung'unikie tena."

Nikazichonga, nikazipinda ncha kwa moto na maji kama ubao wa mashua. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikazipaka shahamu, yale mafuta na chokaa tunayopaka chini ya chombo kiende mbio. Nani angenikosoa?

Alasiri tukaenda Shela watatu. Mwalimu akasimama kwenye mteremko mfupi karibu na maji, akajisukuma. Wapi! Mchanga ulinata kwenye shahamu kama unga kwenye samaki wa kukaanga.

"Chombo chako kimepanda mwamba, Bwana Mkubwa," mjomba akasema. "Msumeno wakungoja."

Niliona haya. Lakini mwalimu hakukasirika. "Hata kwetu ni hivi," akasema. "Bondeni theluji huwa rojorojo, hunata mbaoni, jua likizidi kidogo imekwisha. Ndiyo maana watu huenda kukaa kwenye hoteli za juu sana. Kule baridi haiondoki, theluji ni kavu kama unga, na hudumu miezi baada ya ile ya bondeni kuyeyuka. Tena mteremko ni mrefu, unashuka mpaka magoti yaombe radhi. Ila siku za mwanzo pumzi hukatika."

"Basi hapa tuko bondeni," nikasema. "Twende juu."

Nikaikwangua shahamu yote kwa kisu, nikazisugua mbao mpaka zikang'aa. Kileleni upepo ulikuwa umeukausha mchanga, ukiuteka kwa mkono unapita vidoleni. Mjomba alipanda akihema, akiilaani ile ndia ya kupandia.

"Mwalimu apumzike," akasema. "Fundi hupanda chombo chake kwanza."

Wallahi niliogopa. Nikajifunga, nikapiga bismillahi, nikajisukuma. Zikaenda! Zilinguruma chini yangu, upepo ukanivua kofia, nikafika chini wima. Wima, nasema, wanaosema nilibingirika hawakuwepo.

Mjomba alishuka polepole, akazigeuza mbao, akapitisha kidole. Kusifu hakukuwa tabia yake.

"Ile mashua waliyoagiza watu wa Kiunga," akasema, "mkuku wake, uti wa chombo chote, kesho utaulaza wewe. Mimi nitakaa nanywa kahawa."