Alivuliwa viatu asikwaruze ndege: ukweli wa ile video ya "kijana wa selfie" juu ya lori

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu nina hasira, na nisipoziandika nitazimalizia kwa mtu asiyehusika.

Nitakachoandika nimekiona kwa macho yangu. Nilichosikia kwa watu nitasema nimesikia. Kama kuna mtu alikuwepo siku ile na anaona nimeongeza chumvi, aje aniumbue hapa hapa.

Ile video mmeiona. Lori refu, juu yake mwili wa ndege, na juu ya ndege kijana anatetemeka halafu anaanguka. Imewekewa maandishi "Selfie zitatuua" na muziki wa kuchekesha. Humu pia iliwekwa, na komenti nimesoma zote. Mmoja wenu kaandika "jamaa alitaka kuonja business class", akapewa likes hadi basi.

Yule kijana ni mume wangu.

Hakupanda kupiga selfie. Simu yenyewe hakuwa nayo, ilikuwa kwangu.

Tuanze mwanzo.

Tunakaa kwenye senta ndogo barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, kabla hujafika Chemba. Jina la senta naliacha. Mume wangu ni fundi pikipiki, bodaboda wote wa pale wanamjua. Mimi namwita Baba Nasra, maana tuna binti, Nasra, bado ananyonya.

Siku ile umeme ulikatika asubuhi. Kwetu hiyo si habari. Wa saluni akatoa kiti akakaa nje, wa mashine ya kusaga akafunga mlango, na sisi wenye mahindi tukapanga ndoo zetu foleni tukaondoka. Ndoo inakushikia nafasi, umeme ukirudi unakimbia.

Mchana msafara ukaingia kutokea Dodoma.

Mbele pickup yenye taa za kuzunguka. Nyuma yake lori lenye trela refu la chini, matairi sijui mangapi. Na juu yake ndege. Haina mabawa, haina mkia, tumbo tu lile refu lenye madirisha, limejaa barabara nzima. Wakuu, ile ndege ilikuwa imevalishwa. Nailoni nyeupe kuanzia puani, na kila mnyororo ulipopita wameweka blanketi ili isichubuke. Blanketi zuri kuliko langu la kulalia.

Senta nzima ikatoka nje. Mzee mmoja muuza mbuzi akamuuliza dereva, "Ndege gani hii inabebwa? Imechoka kuruka?"

Dereva akamjibu, "Mzee wangu, hata wewe ukichoka si utabebwa?"

Watu wakacheka. Dereva yule sina ugomvi naye, mtaona kwa nini. Alituambia wameitoa bandarini Dar, imeshastaafu kuruka, inapelekwa chuo kimoja huko mbele wanafunzi wakajifunzie ufundi wa ndege.

Sasa pale kwetu kuna nyaya mbili za umeme zinazokatisha barabara kwenda kwenye mashine ya kusaga. Zimelegea siku nyingi. Lori la kawaida linapita. Ndege ikawa haipiti.

Akashuka msimamizi wa msafara kwenye pickup. Jina lake silijui, nitamwita Kizibao kwa sababu alivaa kile kizibao cha kung'aa. Akaangalia juu, akauliza watu, "Umeme upo?"

Tukaitika kama wanafunzi, "Haupooo! Tangu asubuhi!"

Akasema, nanukuu: "Safi. Tupite sasa hivi kabla haujarudi."

Isomeni tena hiyo sentensi. KABLA HAUJARUDI. Kwa hiyo alijua kwamba utarudi.

Fundi wa shirika la umeme aliyekuja kurekebisha zile nyaya baadaye aliniambia mzigo mrefu namna ile watu wa umeme hupewa taarifa mapema, wanazima laini, wao wenyewe ndio wanaoinua nyaya, na laini haiwashwi mpaka mzigo upite. Alisema kwa pale kwetu hakuna aliyewaambia kitu. Hilo nimelisikia kwake.

Nilichokiona mimi ni Kizibao akitafuta mtu wa kupanda. Vijana wake wawili walikuwa wanene, wakawa wanategeana. Macho yakamwangukia Baba Nasra, mwembamba, ametoka kwenye kibanda chake na spana mkononi.

"Dogo, wewe ni mwepesi. Panda utuinulie nyaya, utapata ya soda."

Nikamwambia, "Baba Nasra, kwani wao hawana watu?"

"Aaah, Mama Nasra, mara moja tu. Si umeme wenyewe haupo?"

Kijana mmoja akakata mti kwenye uzio wa jirani, mbichi, unatoa utomvu, ndio ukawa wa kuinulia. Ngazi ikaegeshwa. Ameshaweka mguu kwenye ngazi, Kizibao akapiga kelele:

"We dogo, viatu! Vua viatu! Utakwaruza ndege ya watu!"

Baba Nasra anavaa buti za kazini, soli nene ya mpira. Akakaa chini, akafungua kamba, akavua na soksi. Alipofika juu akagundua bado amezishika, akanirushia. Kimoja nikakidaka, kingine kikaanguka vumbini. Akampungia Nasra mgongoni kwangu. Watoto wakampigia makofi.

Kwa hiyo alikuwa peku, juu ya bati tupu la ndege, maana huko mgongoni nailoni ilikuwa imechanika, saa za jua kali. Alikuwa anarukaruka kwa moto. Kwenye video mnasema anacheza.

Lori likaanza kusogea taratibu. Waya wa kwanza akauinua kwa mti. Wa pili ukateleza, ukalala kwenye mgongo wa ndege pale nailoni ilipochanika, ukanasa.

Kizibao akasimamisha lori. "Uweke mti chini! Shika huo kwa mkono, huo mwingine uunasue. Hauna kitu huo!"

Akaweka mti chini. Akaushika waya wa kwanza kwa mkono wa kulia, akainama kunasua wa pili.

Mnajua umeme ukirudi watoto wanavyofanya. Hiyo ni Tanzania nzima.

"Umeruuuudi!"

Senta nzima wakapiga shangwe. Redio ya saluni ikalia. Na mimi sekunde ile ya kwanza nilifurahi, wakuu. Niliwaza ndoo yangu kwenye foleni ya mashine. Halafu nikainua macho.

Sitaandika nilichokiona. Mmekiona, mkacheka.

Fundi wa umeme alinielezea kwa kuchora chini kwa kijiti: waya mmoja umelalia bati la ndege, mwingine uko mkononi mwa mtu, na mtu huyo kasimama peku juu ya bati hilo hilo. Umeme ukampita yeye. Nikamuuliza, "Angekuwa na buti zake?" Akasema, "Dada, buti kavu zenye soli ile zingemsaidia sana."

Nyaya zikapiga shoti, umeme ukakatika tena, yeye akaanguka ubavu barabarani. Anahema. Mkono wa kulia siwezi kuuelezea.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kizibao alipanda ngazi. Mimi nilidhani anaenda kuzitoa zile nyaya zisimwangukie mtu. Kumbe wapi. Aliinama akawa anaipapasa ile ndege kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. Kisha akageuka akawapigia kelele wenzake, "Haijaumia! Haijaumia, twendeni!"

Mume wangu yuko chini hajaguswa hata na mmoja wao.

Nikamwambia, "Kaka yangu, mpakieni kwenye pickup mkamkimbize Dodoma."

"Mama, hii gari hairuhusiwi kuacha mzigo. Tafuteni bodaboda."

Bodaboda! Mtu kavunjika mbavu, mkono umeungua, apakiwe mshikaki kwenye bodaboda mpaka Dodoma!

Nilienda nikakaa barabarani mbele ya lori. Chini kabisa, kwenye lami, Nasra mgongoni analia, zile buti mapajani. Nilikuwa naona bampa juu ya kichwa changu.

Bi Zaituni, mama wa maandazi, akaja na kigoda chake akakaa pembeni yangu. Halafu wa saluni. Halafu sikuhesabu tena.

Kizibao akachanganyikiwa. "Nyie kina mama, mnajua mnachelewesha mzigo wa watu wakubwa?"

Bi Zaituni akamuuliza, "Na huyu aliyelala hapo ni mzigo wa nani?"

Akamgeukia dereva. "Sogeza gari, watatoka wenyewe."

Dereva akazima kabisa. Akashuka, ufunguo akautia mfukoni, akaja akachuchumaa kwa Baba Nasra akamfunika na blanketi. Alilitoa kwenye minyororo ya ndege. Akasema, "Mimi siendeshi juu ya watu."

Ndipo pickup ikapatikana. Ghafla ikaruhusiwa.

Baba Nasra yuko hai, alhamdulillah. Mbavu zinaunga. Mkono wa kulia wamekata vidole vitatu vya kati, vimebaki gumba na kile cha mwisho. Mnaojua ufundi pikipiki mnajua maana yake.

Kampuni inayosafirisha ile ndege ikamtuma kijana mmoja wodini na mfuko wa machungwa. Kwa upole kabisa akasema wanasikitika sana kwamba "kijana wenu alipanda kwenye mzigo bila ruhusa kujipiga picha". Nikamuuliza, ngazi aliipata wapi? Akasema yeye ametumwa tu. Nikamwambia aondoke na machungwa yake.

Haikupita muda video ikaanza kuzunguka. Imekatwa, inaanza yeye yuko juu tayari. Muziki umewekwa juu ya sauti, ile "shika kwa mkono, hauna kitu huo" haisikiki. Nani kaikata sijui, sitamsingizia mtu.

Ninachojua ni kwamba kila mnapoicheka mnaisaidia kampuni. Baba Nasra anaisoma simu yangu kwa mkono wa kushoto, akifika kwenye komenti ananirudishia. Juzi kaniuliza, "Hivi nilipanda kwa nini?" Yaani ameanza kujishuku mwenyewe. Hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Nilichojifunza mimi, na waambieni wadogo zenu walio kando ya barabara: umeme uliokatika si umeme uliozimwa. Uliozimwa kuna mtu amesimama kwenye swichi anakulinda. Uliokatika hauna mwenyewe, unarudi unavyotaka.

Na mtu akikuvua viatu ili usiumize mali yake, shuka kwenye ngazi. Ameshakuonyesha anajali nini.

Ombi langu moja. Siku ile simu zilikuwa nyingi hewani. Aliyerekodi tangu mwanzo, yenye sauti ya Kizibao, aiweke hapa.

Asipopatikana, hata hiyo mliyonayo inatosha. Irudieni. Mwanzo kabisa, upande wa kushoto, kuna mwanamke ana mtoto mgongoni na kiatu mkononi, anainama kuokota cha pili vumbini. Na hatua mbili kutoka kwake kuna mtu wa kizibao cha kung'aa, ameshikilia ngazi kwa mikono yote miwili.

Yule mwanamke ni mimi. Buti ninazo hapa mlangoni. Ni za kamba, na kwa sasa namfungia mimi kila asubuhi.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyeandika business class aanze yeye.