Ua Limemmeza Baba Neema

Jamani, leo nimekaribia kuua mtu huku ukumbi mzima unanipigia makofi.

Mnaijua ile tamthilia yetu ya nyimbo hapa Karatu, tuliyoitoa kwenye filamu ya kizamani? Ua limetoka anga za mbali, linakula watu. Tumelishona kwa hema bovu la watalii, mdomo wake ni zipu.

Mimi ndiye muuza maua. Namsukuma mwigizaji mwenzangu, Baba Neema, ndani ya ua, nafunga, kwaya inaimba.

Nikafunga. Akapiga kelele: "Nakufa! Fungua!"

Safi. Ndivyo anavyotakiwa kusema.

Akarudia. Sauti ikaanza kukatika.

Nikavuta zipu. Imegoma!

Watu wanacheka, kwaya inapandisha sauti, na mkasi wangu wa jukwaani ni wa boksi.

Mkewe, aliyekuwa anauza miwa mlangoni, akapaza sauti: "Huyo haigizi! Mume wangu hajui kuigiza vizuri hivyo!"

Akapanda na kisu chake, akalipasua ua. Vigelegele!

Baba Neema akatoka anahema, jasho chapachapa, akawainamia watazamaji. Kisha akaninong'oneza:

"Kesho unaliwa wewe."

Nyie mnaofanya kazi kwenye kambi za watalii, zipu ya hema inapakwa nini isigome? Nijibuni leo leo.